Chujio la Tangi la Samaki na Maradhi Yake

Samaki anayeishi ziwani au baharini hahitaji mtu wa kumfikiria habari ya maji yake, kwa kuwa maji hayo ni mengi kupita taka zake, na mawimbi, mikondo, mchanga, mimea na viumbe visivyoonekana kwa macho hushirikiana usiku na mchana kuyarejesha katika usafi; lakini samaki aliyetiwa katika tangi la kioo sebuleni, au katika ukumbi wa hoteli, au katika chumba cha kungojea daktari, ameondolewa katika msaada huo wote, akawa hana budi kula, kuvuta pumzi na kutoa taka katika maji yale yale, lita 200 au 300, leo na kesho na mwezi ujao. Anayemfuga amejitwika dhamana ya kazi iliyokuwa ikifanywa na ziwa zima. Chombo kinachomsaidia kuitimiza dhamana hiyo, hasa kwa matangi makubwa kidogo, ni chujio la nje lenye umbo la mtungi, na maneno yafuatayo yanahusu chombo hicho: jinsi kifanyavyo kazi, maradhi yanayokipata, na matunzo yanayokidumisha.

Watu wa Ulaya waliotangulia kufuga samaki katika vioo hawakuwa na chombo kama hiki. Bustani ya wanyama ya London ilipofungua nyumba yake ya samaki mwaka 1853, na Philip Henry Gosse alipotoa kitabu chake kiitwacho The Aquarium mwaka 1854, itikadi iliyotawala ilikuwa kwamba mimea na wanyama wakiwekwa pamoja kwa uwiano mwema, mimea ikitoa hewa na wanyama wakiitumia, maji yatajitunza yenyewe bila ya kuguswa. Itikadi hiyo ilikuwa na sehemu yake ya haki, ila uwiano huo hupatikana kwa samaki wachache mno katika maji mengi mno, na mfugaji, kwa tabia ya binadamu, hupenda samaki wengi. Pampu za umeme ndizo zilizoleta faraja. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Eheim ya Ujerumani, iliyoasisiwa na Gunther Eheim, ilianza kuuza machujio yanayokaa nje ya tangi, yaliyofungwa kabisa, na muundo wake haujabadilika sana hata leo, ijapokuwa viwanda vinavyoyatengeneza sasa ni vingi, kuanzia Ulaya hadi China.

Chujio la namna hii ni mtungi wa plastiki wenye kifuniko kinachobana, unaowekwa chini ya tangi, aghalabu ndani ya kabati linalolibeba. Mipira miwili huunganisha mtungi na tangi: mmoja huteremsha maji machafu, na wa pili huyapandisha yakiwa yamekwisha kusafishwa. Maji huingia mtungini kwa uzito wake mwenyewe, kwa kanuni ile ile anayoitumia mtu anayenyonya mafuta kutoka katika pipa kwa mpira. Yakifika chini huanza kupanda polepole kupitia tabaka za sponji nzito, pete za kauri zenye vitundu vingi, na mwisho pamba laini, kisha hukutana na pangaboi dogo lililo katika kichwa cha mtungi, ambalo huyasukuma yarudi juu. Watu wengi hudhani kwamba pampu hiyo ina kazi kubwa ya kuinua maji kutoka sakafuni hadi juu ya tangi. Kumbe, maadamu mipira yote miwili imejaa maji, uzito wa maji yashukayo husawazisha uzito wa maji yapandayo, na pampu hubakiwa na kazi moja tu ya kushinda msuguano wa mipira, sponji na uchafu. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mwenye tangi, kwa sababu maana yake ni kwamba pampu imefanywa ya nguvu kidogo kwa makusudi, na kizuizi chochote njiani hudhihirika upesi katika nguvu ya maji yatokayo.

Lau kazi ya chujio ingekuwa kukamata taka zinazoonekana tu, kitambaa safi kingetosha. Uchafu unaoua samaki hauonekani. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yake, na chakula kilichobaki na majani yaliyooza hutoa amonia vilevile, na amonia ikizidi huunguza mashavu hayo, ikamfanya samaki atwete juu ya maji akitafuta pumzi asiipate, na mwisho ikamwua. Wanaoiondoa ni bakteria wanaoishi wamegandamana na kuta za vitundu vya kauri na nyuzi za sponji: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi hadi mfugaji atakapobadilisha sehemu ya maji. Sergei Winogradsky, mtaalamu wa Urusi, ndiye aliyewatenga bakteria hawa karibu na mwaka 1890 na kuonyesha kwamba riziki yao hutoka katika amonia na nitriti yenyewe. Kwa miaka mingi vitabu vya wafugaji vilimtaja Nitrobacter kuwa mla nitriti wa matangi yetu, mpaka mwaka 1998 ambapo Timothy Hovanec na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na jamaa za Nitrospira. Na mwaka 2015 watafiti wa Ulaya, baadhi yao wakichunguza chujio la mahali pa kufugia samaki, walitangaza kuwa wapo Nitrospira wanaofanya kazi zote mbili peke yao, kuanzia amonia hadi nitrati. Umati huu hukua taratibu mno. Chujio jipya huchukua kiasi cha wiki 4 hadi 6 kabla halijaweza kulea samaki kwa amani, na hakuna fedha inayoweza kununua subira hiyo.

Bakteria hawa ni walaji wakubwa wa oksijeni, na mambo mengi yatakayosemwa hapa chini hutegemea ukweli huo. Ili miligramu 1 ya nitrojeni iliyomo katika amonia igeuzwe kabisa kuwa nitrati, huhitajika karibu miligramu 4.6 za oksijeni, ilhali lita 1 ya maji yenye joto la nyuzi 26 haiwezi kubeba zaidi ya miligramu 8 hivi. Kwa hiyo mtungi wa lita 6 uliojaa maji mazuri kabisa una miligramu 48 tu za oksijeni, na umati mkubwa wenye njaa. Maji yakipita, hapana dhiki, kwani kila dakika huleta oksijeni mpya. Maji yakisimama, dhiki huanza palepale. Mimi naona kwamba mfugaji aliyeshika jambo hili moja, ya kuwa ndani ya mtungi wake mna uhai unaoishi kwa mwendo wa maji, amekwisha kujifunza nusu ya elimu yote ya chujio, na nusu iliyobaki ni ya mikono.

Hapana mahali ambapo elimu hii ina uzito zaidi kuliko katika tangi la samaki wa Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo, lenye kina cha meta 1,470 na mwambao unaogusa Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, ambao karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani kwa asili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Pierre Brichard alipokuwa akiwasafirisha kutoka Bujumbura, samaki hao wameingia katika nyumba za Ujerumani, Marekani na Japani: Tropheus wa miambani wenye rangi kali, Cyphotilapia frontosa mwenye nundu pajini, na Neolamprologus multifasciatus ambaye ni mdogo hata huishi na kuzaa ndani ya kombe tupu la konokono. Wavuvi wa Kigoma na Ujiji, ambao macho yao yako kwa dagaa na migebuka, huwapita samaki hawa kila siku.

Maji ya ziwa hilo ni ya magadi, na kipimo chake cha pH hukaribia 9. Sasa, amonia ndani ya maji huwa na hali mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo na ukali huo, na pH ndiyo inayoamua kiasi cha kila moja. Katika maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8 hufika asilimia 5. pH ikiwa 9 hupita asilimia 35. Kiasi cha amonia ambacho samaki wa mto wenye maji laini wangekivumilia wiki nzima, chaweza kuwaangamiza Tropheus kwa siku moja. Ndiyo maana wafugaji wa samaki wa Tanganyika, hata huko Ulaya, wamekuwa watu wa kuhofia machujio yao kuliko wengine, na ndiyo maana nawachukua wao kuwa mfano katika maelezo haya.

Maradhi ya kwanza ya chujio, na yanayopata machujio yote bila ya ubaguzi, ni kupungua kwa mwendo wa maji. Huja pole pole, na jicho la mwenye nyumba hulizoea jambo hilo. Dawa ya kuligundua ni kipimo: siku chujio lilipo safi, elekeza mpira wa kutolea katika ndoo ya lita 10 na utazame saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 50, chujio linapitisha lita 720 kwa saa. Ukirudia miezi miwili baadaye ikajaa kwa sekunde 75, zimebaki lita 480, yaani theluthi moja imepotea. Andika tarehe na kipimo juu ya kipande cha karatasi ukibandike ndani ya mlango wa kabati. Usishangae pia kuona kwamba hata chujio jipya halifikii namba iliyoandikwa juu ya sanduku lake, kwani viwanda vingi hupima pampu ikiwa tupu, bila ya sponji wala pete. Na kwa kuwa desturi ya wafugaji ni kutafuta mwendo wa mara 4 hadi 6 ya ujazo wa tangi kwa saa, ni busara kununua chujio lililo kubwa kidogo kuliko tangi lenyewe.

Mwendo ukipungua, usikimbilie kufungua mtungi. Anza juu, katika kichungio cha mdomo wa mpira wa kunyonya, ambako jani moja au konokono mmoja aweza kuwa ndiye sababu ya yote. Kisha tazama koki za mipira, maana mara nyingi mtu alizifunga nusu alipokuwa akisafisha akasahau. Kisha tazama mipira yenyewe: ndani yake huota utando wa kahawia, wa kuteleza, ambao hupunguza nafasi ya maji na kuongeza msuguano kuliko mtu anavyodhani, na hutolewa kwa brashi ndefu yenye shina la waya linalopindika, iuzwayo kwa kazi hiyo. Watu wengi husafisha mtungi mara kumi wasiisafishe mipira hata mara moja, kisha hulalamika kwamba pampu imechoka. Baada ya hayo ndipo ifuate ile pamba laini ya juu, ambayo huziba kabla ya sehemu nyingine zote na haina thamani ya kuhurumiwa: itupwe, iwekwe mpya.

Likibaki tatizo, liko katika pangaboi. Hili ni gurudumu dogo la plastiki lililoshikamana na sumaku, nayo sumaku huzunguka juu ya kijiti chembamba cha kauri, ikiendeshwa na koili za waya zilizozikwa ndani ya kichwa cha chujio pasipo waya wowote kugusa maji. Katika maji magumu, kama hayo ya kuiga Tanganyika, chokaa hujijenga juu ya sumaku na ndani ya tundu lake mpaka nafasi ya kuzunguka ikawa finyu. Vilowekwe katika siki iliyochanganywa na maji kwa muda wa saa moja hivi, visuguliwe kwa mswaki laini, na visuuzwe vizuri. Kijiti kishikwe kwa taadhima, kwa kuwa kauri haipindiki, huvunjika tu. Na kwa kuwa wengi wa samaki wa Tanganyika ni wachimbaji wa mchanga, mdomo wa kunyonya usiwekwe karibu na sakafu ya tangi bali uinuliwe angaa sentimeta 10 juu ya mchanga, kwani punje chache zikifika katika tundu la pangaboi hula kijiti na plastiki kwa majuma machache.

Kelele ni lugha ya pangaboi, na yapasa kusikilizwa kwa nadhari. Sauti ya mkwaruzo wa kavu huashiria mchanga au kijiti kilichovunjika. Mtetemo unaoenea katika kabati zima aghalabu huashiria kwamba vile vipande vidogo vya mpira vinavyoshika ncha za kijiti vimechakaa au vimepotea wakati wa usafishaji. Mvumo wa umeme usio na maji yatokayo maana yake sumaku imekwama: zima mara moja, kwani koili hupata joto. Sauti ya kububujika, inayokuja na kuondoka, ni hewa.

Hewa hiyo yaweza kuwa ni ile iliyosalia baada ya mtungi kufunguliwa, ambayo huondoka ukiuinamisha mtungi taratibu huku na huku ukiwa unafanya kazi. Lakini ikiwa haiishi baada ya siku moja au mbili, inaingia mahali. Hapa kuna kanuni ndogo inayookoa saa nyingi za kutafuta: ufa ulio katika sehemu ya mpira wa kunyonya iliyo juu ya usawa wa maji ya tangi hunyonya hewa wala hauvuji, na ufa ulio chini ya usawa huo huvuja maji wala haunyonyi hewa. Kwa hiyo vipovu vikitoka bila ya tone sakafuni, tazama ile pindo inayovuka ukingo wa kioo na maungio yake, tazama kama maji ya tangi yameshuka kwa kukauka hadi mdomo wa kunyonya unakaribia kutokeza, na tazama kama jiwe la kutolea hewa limewekwa karibu mno na mdomo huo. Kichungio kilichoziba nacho chaweza kuleta hewa, kwa kuwa pampu ikinyimwa maji huvuta kwa nguvu hata maungio yaliyokuwa mazima yakaruhusu hewa kupenya.

Kuvuja ndiyo hofu ya kila mwenye zulia zuri, na kwa hofu hiyo chujio likae daima ndani ya karai au beseni. Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni oringi, ile pete ya mpira kati ya kichwa na mtungi. Unywele mmoja, punje moja ya mchanga, au mkunjo mdogo hutosha kuifanya ipitishe maji. Kila mtungi ufunguliwapo, oringi ivuliwe, ifutwe, mfereji wake ufutwe, kisha ipakwe grisi ya silikoni kwa ncha ya kidole, kiasi cha kung'aa tu. Mafuta ya kujipaka mwilini yatokanayo na petroli yasitumiwe, maana baadhi ya mipira huvimba na kulegea kwa mafuta hayo. Sababu ya pili ni tamaa: mtu hujaza pete na sponji hadi kikapu kinachozibeba hakikai sawa, kisha hulazimisha vishikizo vya kifuniko mpaka kimoja kinakatika. Waya wa umeme nao uachwe uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kwenda kwenye soketi hiyo, ili tone likifuata waya lianguke sakafuni lisiingie katika umeme.

Nafika sasa katika jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa mstari mmoja, ilhali kwetu sisi lastahili kurasa nzima, nalo ni kukatika kwa umeme. Mtungi uliofungwa, umeme ukikatika, hugeuka gereza. Maji yamesimama, miligramu zile 48 za oksijeni hutumiwa upesi, na bakteria wema huanza kudhoofika, huku mahali pao pakishikwa na bakteria wa namna nyingine wasiohitaji oksijeni, ambao huozesha uchafu uliomo na kutoa gesi inayonuka mayai viza. Madhara makubwa hayaji wakati wa giza. Huja umeme unaporudi, ambapo pampu husukuma maji yote yaliyooza kwa mkupuo mmoja ndani ya tangi lenye samaki ambao wao wenyewe wameshinda bila ya hewa ya kutosha. Mwenye tangi huamka asubuhi akawakuta samaki wamekufa, taa zinawaka, na chujio linafanya kazi, naye hana wa kumlaumu ila maji.

Basi ifanywe hivi. Umeme ukikatika kwa dakika chache hadi saa moja, hapana haja ya kufanya chochote ila kuhakikisha, urudipo, kwamba maji yanatoka kweli, kwa sababu pampu iliyoshikwa na hewa huvuma ikiwa kavu hadi ikaungua. Umeme ukikawia saa kadhaa, au ikijulikana kuwa ni siku ya mgao, chomoa waya wa chujio ili lisiwake lenyewe usipokuwapo. Funga koki, fungua mtungi, toa vikapu, na uvilaze katika beseni pana lenye maji machache ya tangi, pete zikiwa zimeloa na hewa ikizifikia. Pampu ndogo ya hewa ya betri, ikipatikana, iwekwe kwanza kwa samaki na ya pili kwa pete. Asiyekuwa nayo na achote maji ya tangi kwa kopo na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara. Samaki wasilishwe asilani mpaka umeme urudi, kwani chakula ni amonia ya kesho, na samaki mzima mwenye afya haumizwi na siku moja au mbili za njaa. Umeme urudipo, mwaga maji yaliyobaki mtungini, suuza pete kwa maji ya tangi, funga, jaza maji, ndipo uwashe. Ikiwa hukuwapo nyumbani na umelikuta chujio limekwisha kuwaka lenyewe baada ya saa nyingi, badilisha theluthi ya maji siku hiyo hiyo.

Wenye jenereta au inveta wana nafuu, lakini wajue kwamba inveta za bei rahisi hutoa umeme wa mawimbi yasiyo laini, ambao hulifanya pangaboi lingurume na koili zipate joto. Kadhalika waliopelekewa chujio na ndugu aliye Marekani wasome kibandiko kabla ya kulichomeka: umeme wa huko ni wa volti 120 na wetu ni wa 230 au 240, na chujio la volti 120 likichomekwa hapa huungua. Hata likipunguziwa volti kwa transfoma litakwenda taratibu kuliko lilivyokusudiwa, kwa sababu mwendo wa sumaku hufuata mizunguko ya umeme wenyewe: kwa umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde sumaku huzunguka mara 3,600 kwa dakika, na kwa wetu wa mizunguko 50 huzunguka mara 3,000.

Usafishaji wa kawaida ufanywe kila baada ya miezi miwili au mitatu, au mapema zaidi ikiwa ile ndoo imeonyesha upungufu wa theluthi. Chomoa umeme kwanza, ndipo mkono uingie majini. Funga koki zote mbili, kisha tenganisha mipira. Toa maji ya tangi ndoo mbili, ambayo ulikuwa uyabadilishe hata hivyo, na katika maji hayo, si mengine, ndimo sponji zikamuliwe na pete zitikiswe. Maji ya bomba ya mjini hutiwa klorini ili kuua vijidudu, nayo haichagui. Pete zilizooshwa bombani hadi zikawa nyeupe zimepoteza wakazi wake, na mfugaji aliyefanya hivyo akawategemea samaki wake kuishi salama juma lile ni kama mtu aliyekihamisha kijiji kizima usiku akatarajia soko lifunguliwe asubuhi. Sabuni na dawa za kung'arishia nguo zisisogee karibu. Nawasihi sana wapenda usafi waizuie mikono yao: sponji ya kahawia, isiyo na harufu mbaya, inayopitisha maji, ni sponji nzima. Ile inayonuka ndiyo mgonjwa.

Ikiwa mtungi una vikapu vitatu au vinne, visisafishwe vyote siku moja; vingine vingoje majuma mawili au matatu ili waliomo walee wenzao. Mkaa wa kuchujia, ambao wauzaji huupenda kwa kuwa unanunuliwa tena na tena, unafaa kuondoa rangi, harufu na mabaki ya dawa, lakini hauondoi amonia, na baada ya wiki chache huwa umeshiba. Nafasi yake hutumika vizuri zaidi ikijazwa pete. Na katika kurudisha vikapu, mpangilio ufuate njia ya maji: sponji nzito kwanza, pete zifuate, pamba laini mwisho, kwani pamba ikitangulia huziba kwa siku chache, na pete zikitangulia hujaa tope katika vitundu vyake. Vikapu vikae sawa vinabanana. Pakiwa na upenyo pembeni, maji yataupitia upenyo huo, ukaona mwendo wa nguvu na tangi lisilotakata.

Baada ya kusafisha, maji yakiwa na ukungu kwa siku moja, hapana neno. Ukungu ukidumu, au samaki wakipumua upesi wakiwa juu ya maji, pima amonia na nitriti kabla ya kutia dawa yoyote, maana dawa nyingi hudhuru bakteria wa chujio na kuliongeza tatizo. Vipimo vikionyesha sumu, badilisha sehemu ya maji kila siku kwa maji yaliyoondolewa klorini, punguza chakula, na uliache chujio lifanye kazi bila ya kufunguliwa tena. Katika matangi ya Tanganyika ipimwe pH nayo pia, kwa kuwa bakteria hutumia magadi ya maji katika kazi yao, kiasi cha miligramu 7 kwa kila miligramu ya nitrojeni, na tangi lisilobadilishwa maji kwa muda mrefu hushuka pH bila ya mwenyewe kujua; changarawe ya chokaa ndani ya tangi, au kikapu kimoja cha mtungi kikijazwa changarawe hiyo, husaidia kuizuia isishuke.

Vipuri vya machujio haya havipatikani katika kila duka la vifaa vya umeme, na mara nyingi huagizwa kutoka nje kwa majuma mengi ya kungoja. Kwa hiyo anayenunua chujio, awe Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, na anunue siku hiyo hiyo oringi moja ya akiba, pangaboi moja na kijiti chake, kijichupa cha grisi ya silikoni na kipimo cha amonia, aviweke vyote ndani ya kabati lililo chini ya tangi, na amfundishe angalau mtu mmoja mwingine wa nyumba yake namna ya kufunga koki na kuchomoa waya.